Mafumbo ya maneno: Aina zake na mitego inayomsubiri mtungaji wa Kiswahili

Ukurasa wa mafumbo ndio pekee gazetini ambao msomaji huusoma akiwa ameshika kalamu. Habari isiyomridhisha ataipita, lakini kidokezo kisichomridhisha atakizunguka kwa saa nzima kisha aende kwenye kamusi. Endapo ni mwanafunzi, jibu litakalochapishwa siku ya pili atalichukua kuwa Kiswahili sahihi, alitumie katika insha na alitetee mbele ya mwalimu wake. Kwa sababu hiyo, fumbo lililotungwa ovyo hudhuru lugha kuliko kosa la chapa katika habari ya kawaida. Mengi ya mafumbo hayo hutafsiriwa kutoka Kiingereza, miraba yake na vidokezo vyake, pasipo mtungaji kujiuliza iwapo maumbile ya Kiswahili yanayakubali.

Kikongwe kuliko vyote ni kitendawili. Mtegaji hutamka "Kitendawili!", hadhira ikaitikia "Tega!", na anayeshindwa hutakiwa kumpa mtegaji mji ndipo jibu litolewe. Kikichapishwa, hadhira hutoweka na mji haupo wa kupewa. Hilo si jambo dogo, kwani hadhira ndiyo iliyokuwa mwamuzi. Mtegaji anaposema "Nyumba yangu haina mlango", jibu lililozoeleka ni yai. Msomaji anayeandika "kaburi" hajapotoka kimantiki, ila barazani wazee wangemsahihisha papo hapo na kumweleza sababu. Gazetini hana wa kumsahihisha. Mhariri mwenye busara huchagua vitendawili ambavyo maelezo yake yanafunga milango mingine, mathalan "Kuku wangu katagia mwibani", ambapo ni vigumu kufikiria kitu kingine ila nanasi.

Ndugu wa kitendawili ni fumbo la kishairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840, alisifika kwa tungo za aina hiyo, ambapo mshairi hufumba na mwenzake hufumbua kwa bahari na vina vilevile. Upo pia mchezo wa kinyume, yaani kuipeleka silabi ya mwisho mwanzoni mwa neno. Edward Steere aliutaja katika mkusanyiko wake wa hadithi za Waswahili uliotolewa London mwaka wa 1870. Kwa kinyume, "kazi" huwa "zika" na "kata" huwa "taka". Mchezo huo unafichua jambo litakaloonekana tena hapa chini: Mswahili akilichezea neno, hulikata kwa silabi wala halikati kwa herufi.

Chemshabongo, kwa maana yake katika vitabu vya fasihi simulizi, ni swali la mantiki. Maarufu zaidi ni la mtu anayetaka kuvuka mto akiwa na chui, mbuzi na majani, ilhali mashua hubeba mtu na kimoja tu kati ya hivyo. Barani Ulaya swali hilo, likiwa na mbwamwitu na kabichi, limo katika mkusanyiko wa Kilatini unaohusishwa na mwanazuoni Alcuin wa York wa karne ya 8. Jibu lake ni safari saba, na siri yake ni kumrudisha mbuzi katikati ya shughuli. Mswali ya namna hii hayasumbui kwa upande wa lugha; kinachotakiwa ni masharti yote yaandikwe. Mtungaji akisahau kusema kwamba mbuzi hula majani, atapokea majibu ambayo hakuyatarajia na ambayo hawezi kuyakataa.

Mraba wa maneno, ambao wasomaji wengi pia huuita chemshabongo, ni mgeni wa juzi. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, aliuchapisha wa kwanza katika gazeti la New York World mnamo Desemba 21, 1913, ukiwa na umbo la almasi. Mwaka wa 1924 kampuni changa ya Simon & Schuster ilitoa kitabu cha miraba hiyo na homa ikaenea Marekani nzima. Gazeti la The Times la London lilianza kuuchapisha Februari 1930. The New York Times, ambalo liliwahi kuudharau waziwazi kuwa upotevu wa wakati, lilisalimu amri Februari 1942.

Ulipoingia katika Kiswahili, mraba huu uligongana na sheria moja ya lugha ambayo Wynne hakuwa na haja ya kuijua. Maneno ya Kiswahili, isipokuwa machache ya mkopo, huishia kwa irabu. Katika mtindo wa Kimarekani, kila kisanduku ni sehemu ya neno la kulia na pia la chini. Maana yake ni kwamba kila herufi ya mstari wa mwisho inamalizia neno fulani lililoshuka kutoka juu, hivyo lazima iwe irabu. Neno la mstari huo basi litakuwa la irabu tupu. Kiswahili kinayo machache mno ya aina hiyo: oa, ua, au, eua. Safu ya mwisho upande wa kulia ina tatizo hilohilo. Anayejaribu kuujaza mraba kamili wa Kimarekani kwa Kiswahili anajitesa bure, na dalili ya mateso hayo ni vifupisho na majina ya miji ya kigeni yanayozagaa kwenye kingo.

Mtindo wa Kiingereza, ulio kama wavu wenye visanduku vyeusi vingi, una nafuu kubwa. Humo maneno hukutana kwenye herufi moja na kuruka inayofuata. Neno kama "kitabu" lina konsonanti katika nafasi ya 1, 3 na 5, na irabu katika nafasi ya 2, 4 na 6. Mtungaji akihakikisha kwamba maneno ya chini yanaanzia kwenye konsonanti za neno la juu kabisa, na yanaishia kwenye irabu za neno la chini kabisa, kazi huenda vizuri. Mara nyingi inatosha kulisogeza neno la mstari wa mwisho kisanduku kimoja. Inashangaza kwamba ujanja mdogo kama huu haujulikani na wengi wanaotunga.

Yapo matatizo mengine ya herufi. Je, "ch", "sh", "ny" na "dh" zikae kisanduku kimoja au viwili? Vyovyote itakavyoamuliwa, uamuzi huo utangazwe juu ya mraba na usibadilishwe kila wiki. Ritifaa ya "ng'" ndiyo yenye hatari zaidi, kwa kuwa ikidondoka neno linageuka: "ng'oa" ni kuondoa kitu kilichokita mizizi, na "ngoa" ni wivu.

Njia inayofaa zaidi, ingawa hutumiwa kwa nadra, ni kuweka silabi moja katika kila kisanduku. Wajapani hufanya jambo linalofanana na hilo, kwa kuwa herufi zao za kana huwakilisha silabi. Kwa njia hii tatizo la irabu ya mwisho hutoweka kabisa, na hata mraba mdogo unaosomeka sawasawa kulia na chini huwezekana:

KI – TA – BU
TA – MA – NI
BU – NI – WA

Mstari wa kwanza ni kitabu na safu ya kwanza ni kitabu. Tamani na buniwa vivyo hivyo. Mtoto wa darasa la nne anayejifunza silabi anaweza kuujaza mraba wa aina hii, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu ule wa herufi.

Vidokezo ndivyo roho ya mraba. Kile cha kawaida hutoa maana au kisawe, na adui yake ni visawe vingi vya urefu mmoja. Cha pili hutegemea vitawe, na hapa Kiswahili ni tajiri mno. "Hula nazi, hali majani (5)" ni mbuzi, yaani kifaa cha kukunia nazi. Maneno kama paa, kaa na tai yanasubiri tu kuchezewa. "Barabara" humpa mtungaji mawili kwa mpigo, kwani mkazo ndio unaotofautisha njia na ukamilifu, na mkazo hauandikwi.

Aina ya tatu ni kidokezo cha kificho, ambacho Edward Powys Mathers, aliyejiita Torquemada, alikikuza katika gazeti la The Observer kuanzia 1926. Kidokezo hicho huwa na sehemu mbili: maana, na maelekezo ya kulijenga neno. "Lima ovyo upate utajiri (4)" huashiria kwamba herufi za "lima" zivurugwe, na zao lake ni mali. "Maradhi ya ngozi ya kichwa yamejificha nyumbani (3)" ni mba, iliyomo ndani ya nyu-mba-ni. Wanaodai kwamba kificho hakiwezekani kwa Kiswahili hawajakijaribu vya kutosha.

Swali gumu zaidi kwa mhariri ni neno ni nini. Kitenzi cha Kiswahili ni sentensi kamili: "nimekupikia" ina mtendaji, wakati, mtendewa na tendo. Ikiwa maumbo yote yanakubalika, mtungaji anaweza kujaza kisanduku chochote na msomaji hana pa kushika. Kanuni nzuri ni kukubali vitenzi kama vinavyoingizwa kamusini, pamoja na minyambuliko yake ya kawaida, na nomino kwa umoja au wingi mradi kidokezo kiwe na idadi hiyohiyo. Halafu kuna msamiati wa nchi mbili. Mwanafunzi wa Kenya hufundishwa tarakilishi. Wa Tanzania hukua na kompyuta. Runinga na televisheni nazo zina urefu tofauti, na mraba haukubali yote mawili. Ni vyema mhariri achague kamusi moja, iwe Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka kwanza 1981 au Kamusi Kuu ya Kiswahili ya 2015, na kuwaambia wasomaji ni ipi. Bila hivyo barua za malalamiko hazitakwisha, na zitakuwa na haki.

Fumbo la kuvuruga herufi lina mtego wake. Herufi A, I, L na M hutoa lima, mali, mila, lami na imla. Mtungaji anayechapisha "ALMI" na kutarajia jibu moja amewaonea wasomaji; hana budi kuongeza kidokezo cha maana.

Ngazi ya maneno ilivumishwa na Lewis Carroll katika jarida la Vanity Fair mwaka wa 1879. Herufi moja hubadilishwa kila hatua, na kila hatua iwe neno halisi. Kutoka baba hadi mama njia ni baba, haba, hama, mama. Herufi zinazotofautiana ni mbili tu, lakini hatua ni tatu, kwa kuwa "bama" na "maba" si maneno. Kiswahili hupenda mchezo huu kwa sababu maneno yake mafupi yanafanana kimuundo. Msomaji anaweza kujaribu kutoka kata hadi pika.

Mraba wa kutafuta maneno, uliochapishwa na Norman Gibat huko Oklahoma mwaka wa 1968, ni rahisi kuutengeneza na hupendwa na watoto. Onyo ni moja: herufi za kujazia zikichaguliwa bila kuangaliwa, huunda maneno zenyewe, na mengine hayasemeki mbele ya wakwe. Msanifu ausome mraba kwa pande zote nane kabla ya kuupeleka mitamboni.

Kuna pia hesabu za herufi, ambapo kila herufi huwakilisha tarakimu moja. Henry Dudeney alizipa umaarufu katika jarida la Strand mwaka wa 1924. Mtungaji wa Kiswahili huvutwa mara moja na TATU + TATU = SITA, kwa kuwa ni kweli hata kwa maneno. Bahati mbaya haina jibu. Katika safu ya makumi, T na T hutoa T, hivyo T ni 0 au 9. Sufuri haianzi tarakimu, na 9 hufanya jumla izidi 18,000, yaani tarakimu tano, ilhali SITA ina nne. Fumbo zuri la kutazama linaweza kuwa limekufa ndani, na njia pekee ya kulijua ni kulitatua.

Sudoku si fumbo la maneno ingawa hukaa ukurasa huohuo. Howard Garns aliibuni Marekani 1979, Wajapani wakaipa jina, na ikarejea kwa kishindo kupitia The Times mnamo Novemba 2004. Wordle ya Josh Wardle, iliyonunuliwa na The New York Times Januari 2022, huhitaji orodha ya maneno ya herufi tano, na swali la neno ni nini hurudi palepale.

Kabla ya kuchapishwa, kila fumbo litatuliwe na mtu ambaye hakulitunga na hajaona majibu. Akikwama, kidokezo kibadilishwe. Akipata jibu la pili linalofaa, lichapishwe pamoja na la kwanza. Namba za visanduku zilinganishwe na namba za vidokezo baada ya ukurasa kupangwa, kwa maana hapo ndipo makosa mengi huzaliwa. Jibu lililochapishwa kimakosa lisahihishwe katika ukurasa uleule wa mafumbo, kwa kuwa msomaji wa mafumbo halitafuti sahihisho lake kwingineko.

Jibu la ngazi: kata, pata, paka, pika. Aliyepitia pita badala ya paka amepata pia.