Wenye Nyumba wa Pangani na Majengo

Mwaka 1899 reli iliyotoka Mombasa ilifika katika tambarare yenye majimaji, ambapo Wamaasai walizoea kunywesha mifugo yao, na hapo pakapigwa mahema. Katika miaka michache mahema yaligeuka mabanda, mabanda yakageuka maduka na karakana, na Nairobi ikawa mji. Historia ya mji huo aghalabu husimuliwa kwa majina ya wahandisi, magavana na walowezi. Ni nadra kutajwa watu waliowapa malazi makuli, wapagazi, wapishi na matarishi ambao bila ya jasho lao mji usingalisimama. Watu hao walikuwa wenye nyumba za udongo, na wengi wao walianza kazi hiyo wakiwa vijana.

Serikali ya wakati ule ilimhesabu Mwafrika kuwa mgeni mjini. Ilimtaka mchana kwa kazi, lakini usiku haikujua wala haikujali sana alilala wapi. Mwajiri alipaswa kumpa mtumishi wake mahali pa kulala, walakini waajiri wengi walilikwepa jambo hilo au walitoa pahali pasipotosha. Kwa hiyo vijiji vilichipuka kandokando ya mji: Mji wa Mombasa, Maskini, Kaburini, Pangani na vinginevyo. Waswahili wa pwani, Wamanyema, Wanubi, Wakikuyu, Wakamba na wengine walikaa humo bega kwa bega, na lugha yao ya sokoni na ya barazani ikawa Kiswahili. (Habari za Wanubi wa Kibera ni ndefu na zastahili insha yake.)

Nyumba yenyewe ilifuata umbo la pwani. Ukumbi ulipita katikati kutoka mlango wa mbele hata uani, na vyumba vilipangwa upande huu na upande huu. Kuta zilikuwa za fito na udongo, na paa mara nyingi lilikuwa la madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa, yakanyooshwa na kupigiliwa misumari. Nyumba ya namna hiyo haikuhitaji mwashi wa Kizungu wala mkopo. Ilihitaji fito, madebe, maji, udongo na mikono. Na mtu aliweza kuijenga kidogo kidogo, chumba baada ya chumba, kadiri fedha zilivyopatikana.

Na tuone jinsi nyumba moja ilivyoweza kuzaa ya pili. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mtu amejenga vyumba sita. Chumba kimoja akalala mwenyewe, vitano akapangisha. Kodi ya chumba cha kwanza ikalipa ada ya kiwanja. Ya pili ikamlisha. Ya tatu ikakandika upya kuta zilizomomonyolewa na mvua, maana nyumba ya udongo haikubali kusahauliwa hata masika moja. Kodi ya vyumba viwili iliyobaki ikawekwa akiba, na akiba hiyo, kama hakuna ugonjwa wala msiba, ikawa fito na madebe ya nyumba nyingine. Wako waliofika nyumba mbili au zaidi kwa njia hiyo. Lakini mpangaji mmoja akikosa kazi, akaondoka usiku bila kulipa, hesabu yote ilipinda. Faida ya mwenye nyumba ilikaa katika ukuta mwembamba kama ule wa nyumba yake.

Jambo la kustaajabisha zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya wenye nyumba hao walikuwa wanawake. Katika jamii nyingi za bara, ardhi ilitoka kwa baba ikaenda kwa wana wa kiume. Binti aliyekimbia ndoa, mjane aliyefukuzwa na shemeji zake, au mke asiyezaa, hakuwa na shamba la kuliita lake. Mjini hakupata ukarani wala kazi ya reli. Alikaanga maandazi, aliuza kuni na uji, alifua nguo, alipika pombe kwa siri. Wengine waliuza miili yao. Si haki mwandishi wa historia kulificha jambo hilo, wala si haki kulifanya ndilo jambo lote. Kwani fedha zilizopatikana kwa taabu na aibu wengi wao hawakuzitawanya kwa anasa, walizijengea kuta. Wengi walisilimu, wakapata jina jipya na majirani wa kuwazika. Katika sheria ya Kiislamu mwanamke huweza kumiliki mali yake mwenyewe na kurithi, jambo ambalo mila za kwao nyingi hazikumpa. Msichana aliyefika Nairobi na kanga moja akawa, baada ya miaka kumi au ishirini, mama wa nyumba anayeamkiwa na wanaume waliomdai jana kipande cha mkate.

Isidhaniwe kwamba mpangaji alikaa raha. Mshahara wa kibarua ulikuwa mdogo, na chumba kimoja kililaliwa na watu wanne, watano, hata zaidi, wakigawana kodi. Wengine walilipia kitanda tu. Choo kilikuwa cha watu wengi na maji yalichotwa mbali. Mwenye nyumba alijua hayo, na bado alipokea kodi. Kumsifu kwa bidii yake bila kusema hivi ni kusema nusu ya habari.

Kilema kikubwa cha mali hii, hata hivyo, kilikuwa chini ya miguu. Nyumba ilikuwa yake; ardhi haikuwa yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 baraza la mji lilipima viwanja mahali pa mashariki palipoitwa Pumwani, likawataka watu wa vijiji vya zamani wahamie huko na kujijengea. Barabara zilinyooshwa, viwanja vikapewa nambari, na mahali hapo watu wakapaita Majengo. Lakini aliyejenga alipewa ruhusa ya kukaa kwa kulipa ada; hati ya ardhi hakupewa. Benki haikukopesha juu ya udongo na fito, na aliyepewa ruhusa leo aliweza kunyang'anywa kesho.

Vijiji vingine vilibomolewa, Pangani kikabaki. Kwa zaidi ya miaka kumi wakuu wa mji walisema kitavunjwa, na kila mara hapakuwa na mahali pa kuwaweka watu wake. Hebu fikiri, ewe msomaji, hali ya mwenye nyumba katika miaka hiyo. Je, akandike ukuta au auache? Je, aongeze chumba ambacho huenda kikaangushwa kabla hakijarudisha gharama yake? Wengine walijenga hivyo hivyo, maana wapangaji walikuwa mlangoni. Mwisho mabomu ya maneno yakawa vitendo: mwaka 1938 na 1939 Pangani kilibomolewa, na watu wake wakahamia Pumwani na katika nyumba mpya za Shauri Moyo. Mtu aliyekuwa akipokea kodi za vyumba vyake alijikuta katika mtaa ambamo mjenzi alikuwa baraza la mji.

Majengo ilidumu zaidi. Waasisi wake walipozeeka, swali la nani atarithi lilikuwa zito, kwa kuwa wengi hawakuwa na watoto wa kuzaa. Wengine walilea mabinti wa ndugu au wa rafiki, wakawausia nyumba. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 sehemu moja ya eneo hilo ilijengwa upya, ukapatikana mtaa uitwao California. Kwingineko nyumba za udongo ziliendelea kupangishwa, chumba kwa chumba, na warithi wa wale wanawake wa kwanza, waliorithi kuta na paa na wapangaji, lakini si kiwanja kilichovibeba.