Gari la Kwanza la Mtu wa Masisi

Tukisoma historia ya magari, mara nyingi twapewa habari za viwanda vya Ulaya na Marekani, tena na za matajiri wanaolitafuta gari lao la ujanani, wakalifungua kipande kwa kipande na kulitengeneza hata likapita uzuri wa siku lilipotoka kiwandani. Kazi hiyo hufanywa hata Masisi, ambako hakuna kiwanda. Gari lenyewe ni chukudu.

Asiyeijua na aiwaze baiskeli ya mti, haina kiti wala pedali. Ni ubao mrefu wa kubebea mzigo, magurudumu mawili ya mti, na usukani ulio mfano wa pembe za ng'ombe. Penye mteremko mwenyewe huweka goti moja juu ya ubao, mguu wa pili ukisukuma chini. Penye mlima hushuka akaisukuma, na hapo ndipo utajua nani ana nguvu. Hubeba viazi, maharagwe, kabichi na makaa. Kilo mia nne si ajabu.

Zamani za Wabelgiji, magari yalikuwa ya watu wachache katika milima ile. Kati ya mwaka 1937 na 1955 serikali ya kikoloni ilileta watu wengi kutoka Rwanda, baadhi yao wakawa vibarua katika mashamba ya wazungu. Malori yalifika kuchukua mavuno ya mashamba hayo. Mkulima mdogo yeye alichukua mzigo wake kichwani, na mkewe mgongoni. Uhuru ulikuja mwaka 1960. Kisha tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zitatwaliwa na kupewa wenyeji. Wengi waliopewa hawakuwa na ujuzi wala fedha za kuzitunza mali hizo. Biashara zikazorota, barabara zikaota majani, vipuri vikawa adimu. Na ni katika miaka ile ya 1970 ambapo watu husema chukudu ilianza kuenea Kivu ya Kaskazini. Mimi siamini kwamba mambo hayo mawili yalikutana kwa bahati. Lori lisipofika, viazi haviwezi kungoja.

Basi, turudi kwenye matengenezo. Chukudu ya kwanza ya kijana aghalabu si kitu cha kujivunia. Fedha zake ni chache, kwa hiyo ubao ni wa mkaratusi uliokatwa juzi, ungali na maji ndani. Ukikauka hupinda, pengine hupasuka. Gurudumu linazunguka mti juu ya mti, nalo hulia njia nzima hata watu wa kijiji kinachofuata wajue fulani anakuja. Lakini hicho kilio ndicho kinachompa viazi vya kwanza vya kuuza mjini, na faida yake ndiyo inayoanza kuitengeneza.

Kwanza hununua ukanda wa mpira uliokatwa katika tairi kuukuu la gari, akaupigilia misumari kuzunguka gurudumu, lisiliwe na mawe. Kisha hutafuta beringi za gari lililokufa, akazitia katikati ya gurudumu pamoja na grisi, na kilio kikakoma. Baadaye hutia springi mbele, mikono isichoke. Kipande cha tairi nyuma, kinachokanyagwa kwa mguu, huwa breki; asiyekuwa nacho na ateremke milima ya Masisi kuelekea Sake, atajua maana yake. Ndara iliyochakaa hupigiliwa juu ya ubao ili goti lisichubuke. Ubao wenyewe ukichoka hubadilishwa kwa mti mgumu uliokauka vizuri. Baada ya miaka michache hakuna sehemu iliyobaki ya chukudu ile ya kwanza, ila mwenyewe huiita ile ile. Nani atamkatalia? Ndiyo iliyomletea mahari, ndiyo iliyolipa karo ya watoto.

Yafaa kusema kwamba sifa hizi ni za milimani. Ukishuka Walikale, msituni, tope humeza gurudumu la mti. Madini ya Bisie yalitoka porini migongoni mwa watu, na kwa miaka mingi ndege ndogo zilitua Kilambo juu ya barabara yenyewe ya lami kuyachukua. Hivyo wilaya mbili jirani, moja ilitumia gari lisilo na injini, na nyingine ndege.

Mjini Goma chukudu ilisimamishiwa sanamu ya rangi ya dhahabu mwaka 2009. Wengine walicheka, wakisema ingefaa zaidi kutengeneza barabara. Nami nakubali kuhusu barabara, lakini sanamu ile naipenda.

Tangu vita vya mwaka 1993 katika Masisi, chukudu imebeba pia magodoro, sufuria, wazee wasioweza kutembea. Januari 2025 kundi la M23 liliingia Masisi, kisha Sake na Goma; Machi likafika hata Walikale mjini. Katika mbio za namna hiyo mtu huchagua haraka. Jirani yangu mmoja, mtu wa makamo, chukudu yake ilivunjika usukani njiani ikiwa na mzigo wa watoto wawili na gunia. Hakuweza kuibeba, wala hakuwa na wakati wa kuitengeneza. Aliwashusha watoto, akachukua jiwe, akazipiga beringi zote mbili mpaka zikatoka, akazifunga katika kitambaa cha mkewe.

Aliporudi nilimkuta uani amekaa na shoka, akichonga ubao mpya. Nilimwuliza kama hii itakuwa ya pili. Alinionyesha kitambaa, akasema, "Hapana, ni ile ile. Safari hii nauacha mti ukauke kwanza."