Kisa: Istilahi ya Kitengo cha Mchezo wa Video wa Masimulizi

Katika taaluma ya michezo ya video, epizodi ni kitengo cha masimulizi kilichokamilika kiasi cha kuweza kuchezwa peke yake, ilhali kimefungamana na vitengo vingine vya mfululizo uleule kwa wahusika, mandhari na mkasa mmoja mkubwa unaofumbuliwa hatua kwa hatua. Neno lenyewe ni la Kiyunani: epeisodion ilikuwa sehemu ya mazungumzo iliyowekwa baina ya nyimbo za kundi la waimbaji katika tamthilia ya kale, na kutoka jukwaani dhana hiyo ikahamia redioni, kwenye televisheni na hatimaye kwenye kompyuta. Makala haya yanapima maneno ya Kiswahili yanayoweza kuibeba dhana hiyo na kutetea neno kisa, hasa pale mchezo unapokuwa wa kuchekesha na wenye kuongozwa na hadithi.

Maneno matatu hujitokeza kwanza. Kipindi kimezoeleka katika utangazaji, lakini msingi wake ni muda uliopimwa, kama katika kipindi cha masika au kipindi cha hisabati, ilhali mchezo wa video hauna saa ya kuanza wala ya kwisha, kwa kuwa mchezaji huuacha na kuurudia apendavyo. Sehemu hutumika kwa hadithi za magazetini, ambazo sehemu ya kwanza hukatwa kwa neno “itaendelea”. Nalo hutaja kipande kilichomegwa, si kitu kinachoweza kusimama chenyewe. Epizodi, kwa upande wake, hueleweka kwa anayeijua dhana tayari, lakini haimpi mgeni dokezo lolote la maana.

Kisa ni neno lililotoka Kiarabu na kuzoea ngeli ya KI-VI hata wingi wake ukawa visa, na ndani yake mna maana tatu zinazohitajiwa hapa. Kwanza, ni tukio linalosimuliwa likiwa na mwanzo na mwisho wake; pili, ni sababu ya jambo, kama inavyodhihirika katika usemi “kisa na mkasa”; tatu, katika wingi, ni vituko na uchokozi, ndiyo maana husemwa kwamba mtu amemfanyia mwenzake visa. Msomaji wa Kiswahili ameshauzoea muundo huo kupitia visa vya Abunuwasi, ambavyo kila kimoja humalizika kwa hila yake, ilhali mhusika ni yuleyule na kila hila humfanya afahamike zaidi.

Mfano unaoonyesha vyema kazi ya kisa cha kwanza ni Culture Shock, kisa kilichofungua msimu wa kwanza wa mchezo wa Sam & Max uliotengenezwa na kampuni ya Telltale Games ya California. Wahusika wake, mbwa mpelelezi aliyevaa suti na kofia pamoja na mwenzake mkorofi anayefanana na sungura, walibuniwa na mchoraji Steve Purcell, wakaonekana katika kitabu cha katuni mwaka 1987 na katika mchezo wa kampuni ya LucasArts mwaka 1993. LucasArts ilipofuta mchezo wao mwingine mwaka 2004, baadhi ya waliokuwa watumishi wake waliunda Telltale mwaka huohuo, na tarehe 17 Oktoba 2006 wakatoa Culture Shock, cha kwanza kati ya visa sita vilivyokamilika Aprili 2007.

Mchezaji wa kisa hicho hubofya watu na vitu kwa kipanya, huchagua maneno ya kusema, na hutatua mafumbo, yaani vizuizi vinavyoondolewa kwa kufikiri badala ya wepesi wa vidole. Mwanzoni simu ya ofisi ya wapelelezi hao imetekwa na panya anayedai jibini ya Uswisi, ile yenye matundu. Na kwa kuwa ofisini mna jibini isiyo na matundu, ufumbuzi ni kuipiga risasi. Fumbo hilo dogo linafundisha kanuni ya mchezo mzima bila maelezo yoyote, kwamba katika ulimwengu huu mantiki inayofaa ni mantiki ya kichekesho, na kwamba anayecheka ndiye anayekaribia jibu. Hata jaribio lisilofaa hujibiwa kwa maneno ya kuchekesha, hivyo kukosea hakumfukuzi mchezaji bali humzidishia hamu ya kujaribu.

Baada ya simu kupatikana, wapelelezi wanatumwa kuwazuia waigizaji watatu waliovuma utotoni ambao, wakiwa wamepumbazwa akili, wanafanya fujo mtaani. Na aliyewapumbaza, Brady Culture, anashindwa kabla kisa hakijafungwa. Kisa kimekwisha, lakini kupumbazwa kwa watu kunarudi katika visa vinavyofuata hadi mhusika mkuu wa njama afichuliwe katika kile cha sita. Hata utani hujengwa kwa mfululizo: Sybil, ambaye katika kisa cha kwanza anatibu magonjwa ya nafsi, katika cha pili ni mwandishi wa gazeti la udaku, na utani huo usingemnogea asiyemjua tangu mwanzo.

Hatari ya kinyume ilionekana mwaka huohuo wa 2006, mchezo wa SiN Episodes ulipotoa kitengo cha kwanza kati ya tisa vilivyokusudiwa, na vingine visitoke kamwe. Mchezaji wake alibaki na sehemu, kwa maana kamili ya neno hilo. Kwa hiyo tofauti baina ya sehemu na kisa ni kipimo cha ubora: anayeandika kisa hulazimika kumtosheleza mchezaji leo, huku akimwekea sababu ya kurudi kesho.

Kwa msingi huo, epizodi iitwe kisa, mchezo uliogawanywa hivyo uitwe mchezo wa visa, kundi la visa liitwe msimu, na hadithi inayoviunganisha iitwe mkasa mkuu. Pingamizi kwamba neno visa litachanganywa na idhini ya kuingia nchi ya kigeni halina uzito, kwa kuwa idhini hiyo huandikwa viza, na muktadha hutenganisha yaliyobaki. Watafsiri wa michezo, wahariri wa magazeti na vijana wanaobuni michezo yao kwa Kiswahili walitumie neno hili kwa uthabiti, kwa sababu istilahi hukubalika kwa kutumiwa, na kisa tayari kinaeleweka kwa kila msemaji wa lugha hii.