Usugu au Ukinzani? Historia ya Dhana Moja ya Kisukari

Istilahi hubeba historia ya maarifa, na aghalabu hubeba pia makosa ya historia hiyo. Katika makala haya tunakusudia kufuata dhana moja ya tiba, yaani hali ya mwili kutoitikia insulini ipasavyo, ili tuone ni jina gani linaloifaa katika Kiswahili.

Mwaka 1889, huko Strasbourg, Joseph von Mering na Oskar Minkowski walimtoa mbwa kongosho, naye akapatwa na kisukari. Mwaka 1922, mjini Toronto, mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa dawa iliyokamuliwa kutoka kongosho la ng'ombe. Ilipokwisha kusafishwa vyema, akapata nafuu. Ikaaminika kwamba kisukari ni upungufu wa insulini, basi.

Mwaka 1936 Harold Himsworth wa London aliitikisa imani hiyo. Aliwapa wagonjwa glukosi pamoja na insulini. Kwa baadhi yao sukari ya damu ilizuilika; kwa wengine ilipanda. Akawagawa katika mafungu mawili: wale ambao miili yao huitikia insulini na wale ambao miili yao haiitikii. Mgawanyo huo uliandaa njia ya majina ya leo, aina ya kwanza na aina ya pili. Lakini ulizaa pia dhana kwamba kutoitikia insulini ni jambo la aina ya pili peke yake.

Mwaka 1982 Ralph DeFronzo na wenzake, huko Marekani, walionyesha kwamba hali hiyo imo hata katika aina ya kwanza, ambayo shina lake ni kongosho kushindwa kutengeneza insulini. Misuli ndiyo hasa inayohusika. Kwa kawaida insulini huzifanya seli za misuli zisogeze vichukuzi vya glukosi hadi kwenye utando wao. Glukosi huingia, ikatumika kuwa nishati au ikawekwa akiba kwa umbo la glaikojeni. Kwa wagonjwa hawa kazi hiyo hupungua. Sukari iliyozidi kwa muda mrefu huchangia. Kadhalika njia ya dawa, kwani insulini ya kongosho hupitia ini kwanza, hali ile ya sindano huenea mwilini kwanza.

Sasa turejee kwenye jina. Neno usugu tumelizoea kwa vimelea visivyouawa na dawa, na hapo dawa hubadilishwa. Mgonjwa wa aina ya kwanza akisoma "usugu wa insulini", aweza kufahamu kwamba dawa yake imeshindwa, akaiacha. Na kwake yeye kuiacha insulini ni mauti. Ukinzani ni neno la fizikia ya umeme: waya wenye ukinzani hupunguza mkondo, haulazimu kuukata. Ndivyo ilivyo misuli hii.

Hata hivyo, "ukinzani wa insulini" huacha swali: ni nani akinzaye? Kwa hiyo tunapendekeza mfasiri aandike kwanza "ukinzani wa mwili dhidi ya insulini", ndipo afupishe. Maneno matatu zaidi si gharama kubwa, iwapo yatamzuia mgonjwa asiitupe dawa inayomweka hai.