Wanawake katika Vikosi vya Ulinzi vya Kenya

Wanawake katika Vikosi vya Ulinzi vya Kenya, vinavyojulikana zaidi kama KDF, hutumikia Jeshi la Nchi Kavu, Jeshi la Wanahewa na Jeshi la Wanamaji wakiwa askari na maafisa. Walianzia katika kikosi chao cha pekee, na ni baada ya kikosi hicho kuvunjwa ndipo kazi za kijeshi za kila aina zilipoanza kuwafungukia.

Kikosi cha pekee

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali iliunda Kikosi cha Huduma za Wanawake. Waliojiunga nacho walipangiwa hasa ukarani, simu na mawasiliano, stoo na uuguzi. Hizi hazikuwa kazi ndogo, kwani jeshi lisilo na mishahara, kumbukumbu na dawa halisogei. Hata hivyo, askari wa kike hakuhesabiwa kuwa mtu wa rejimenti, wa manowari wala wa kambi ya ndege. Alipanda vyeo ndani ya kikosi chake, na ngazi hiyo ilikuwa fupi.

Kikosi kilivunjwa baada ya miaka isiyopungua 25, na askari wake wakagawanywa katika majeshi yote matatu. Tangu hapo mwanamke na mwanamume hupimwa katika orodha moja ya vyeo. Katiba ya mwaka 2010 ikaongeza kinga: kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, ujauzito au hali ya ndoa.

Njia za kujiunga

Njia ya kwanza ni ukuruti. Matangazo ya usajili hutaka raia wa Kenya aliyemaliza sekondari, mwenye umri wa miaka 18 hadi 26, urefu usiopungua mita 1.60, na uzani usiopungua kilo 50 kwa wanawake. Hufuata mbio, uchunguzi wa afya na ukaguzi wa vyeti. Mwanamke hatakiwi kuwa mjamzito wakati wa usajili na wakati wa mafunzo. Makuruti hufunzwa Eldoret.

Njia ya pili ni ukadeti, unaohitaji alama za juu zaidi za shule. Mhitimu hutoka akiwa afisa. Ya tatu ni ya wataalamu waliokwisha kusoma fani zao, kama vile madaktari, wahandisi na wanasheria. Usajili haulipiwi chochote. Anayemwomba msichana au mzazi wake pesa ili ampatie nafasi ni tapeli, na familia nyingi zimeumia kwa kutolijua hilo.

Kazi zilizopo

Katika Jeshi la Nchi Kavu kuna kazi za mawasiliano, uhandisi, usafirishaji, polisi wa jeshi na vikosi vya mapigano. Wanahewa wanahitaji marubani, mafundi wa injini na waongozaji wa ndege. Wanamaji wanahitaji mabaharia, mafundi wa mitambo na wasomaji wa rada. Majeshi yote hutegemea matabibu, wauguzi, wahasibu na wapishi. Fundi anayejifunza injini ya ndege akiwa jeshini hustaafu na ujuzi unaoajirika uraiani.

Ulinzi wa amani

Azimio namba 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Oktoba 2000, lilitaka wanawake washirikishwe katika kulinda amani. Sababu yake huonekana vijijini: mwanamke aliyeteswa vitani mara nyingi humweleza askari wa kike mambo ambayo hatamwambia mwanamume. Meja Steplyne Nyaboga wa Kenya, aliyetumikia Darfur nchini Sudan, alipewa na Umoja wa Mataifa tuzo ya Mtetezi wa Jinsia wa Kijeshi wa mwaka 2020.

Vyeo vya juu

Fatuma Ahmed alijiunga na jeshi mwaka 1983, Kikosi cha Huduma za Wanawake kikiwa bado kipo. Mwaka 2015 akawa mwanamke wa kwanza nchini kufikia cheo cha brigedia, na mwaka 2018 meja jenerali wa kwanza wa kike. Mei 2024 aliteuliwa kuwa kamanda wa Jeshi la Wanahewa, mwanamke wa kwanza kuongoza mojawapo ya majeshi matatu ya Kenya. Ngazi fupi aliyoikuta angali kijana isingemfikisha hapo. Ilibidi kwanza iunganishwe na ngazi ya wote.