Je, kuku hufurahia kubebwa na binadamu?

KATIKA nyumba nyingi za vijijini wilayani Kasulu na Kibondo, kwenye nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, kuku na binadamu huishi kwa ukaribu mkubwa. Mchana kuku hujitafutia chakula shambani na uani. Jioni huingia jikoni au kwenye kona ya nyumba kulala. Mtoto akimpenda kifaranga humpa jina, humbeba kifuani na kutembea naye hadi kwa jirani. Mara nyingi kuku huyo hutulia kimya, na wanaotazama husema kwamba amefurahi.

Uchunguzi wa wataalamu wa tabia za wanyama unaonyesha kwamba ukimya huo hauna budi kutafsiriwa kwa tahadhari. Kuku walio wengi hawapendi kushikwa. Baadhi huvumilia, hasa waliozoezwa, na wachache waliolelewa mikononi tangu wakiwa vifaranga humfuata mtu kwa hiari yao. Makundi hayo matatu yanatofautiana sana, ingawa kwa macho yanaweza kufanana.

Asili ya kuku ni ndege wa porini wa misitu ya Kusini Mashariki mwa Asia. Maelfu ya miaka ya kufugwa yamempunguzia woga lakini hayakuufuta. Kwake, kitu kinachoshuka kutoka juu na kumkamata mgongoni ni mwewe. Mkono wa binadamu unaomjia kutoka juu hauna tofauti kubwa na kucha za ndege huyo, hata kama nia ya mwenye mkono ni njema.

Kuna dalili mbili zinazowapotosha wafugaji wengi. Ya kwanza ni kuganda. Kuku akishikwa kwa ghafla na kulazwa chali au ubavu, hukaa kimya bila kutikisika kwa sekunde kadhaa au dakika nzima, wakati mwingine akifumba macho. Padri na mwanazuoni Mjerumani, Athanasius Kircher, aliueleza mchezo huo katika kitabu mwaka 1646, akadhani ni mstari wa chaki uliochorwa mbele ya kuku uliomduwaza. Leo inafahamika kwamba chaki haihusiki. Kuganda huko ni kinga ya mwisho ya kiumbe aliyekamatwa, mithili ya kujifanya mfu ili adui alegeze kucha. Kadiri kuku anavyoogopa zaidi ndivyo anavyoganda kwa muda mrefu zaidi, na watafiti hutumia muda huo kama kipimo cha hofu.

Dalili ya pili ni ya tembe aliyekaribia kuanza kutaga. Mtu akinyoosha mkono juu yake, huchutama na kutanua mabawa kidogo. Mwenye kuku hudhani anaomba kupapaswa, kumbe hivyo ndivyo tembe anavyompokea jogoo. Ni ishara nzuri kwamba mayai yako karibu, lakini haihusiani na mapenzi kwa binadamu.

Vipimo vya mwili vinaeleza zaidi. Utafiti wa Michel Cabanac wa Chuo Kikuu cha Laval, Kanada, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba kumshika tu kuku kulitosha kumpandisha joto la mwili na kuongeza mapigo ya moyo. Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uingereza, walipima joto la ngozi ya upanga wa kichwani na kukuta linashuka kuku anaposhikwa, kwa kuwa damu hukimbilia ndani ya mwili kama ilivyo kwa mtu aliyeshtuka. Kuku anayeonekana ametulia mikononi huenda moyo wake unakwenda mbio.

Je, woga huo unaweza kuondolewa? Jibu ni ndiyo, kwa kiasi kikubwa, lakini wakati wake ni mfupi. Mwaka 1873 Mwingereza Douglas Spalding alieleza jinsi alivyowafunika macho vifaranga tangu kuanguliwa. Waliofunuliwa mapema walimfuata kama mama yao. Waliofunuliwa wakiwa wamekaribia siku nne walimkimbia kwa hofu. Karne moja baadaye, Bryan Jones, mtafiti wa kuku huko Scotland, alithibitisha kwamba vifaranga wanaoshikwa kwa upole mara kwa mara hukua na woga mdogo zaidi kwa binadamu. Hata kumwona mtu akisimama karibu yao bila kuwagusa huwasaidia.

Kwa mfugaji wa Kasulu au Kibondo ushauri huo una ugumu wake. Vifaranga wake hawatoki kwenye mashine ya kutotolesha. Huanguliwa na mtetea, na mtetea mwenye vifaranga haruhusu mzaha. Anayewagusa huparuliwa, na vifaranga hujifunza kutoka kwa mama yao kwamba binadamu ni wa kukimbiwa. Njia inayowezekana ni kumzoeza mama kwanza. Mtu huchuchumaa karibu naye kila siku kwa saa ile ile, humwagia punje chache za mtama au mchwa, na hujizuia kumkamata. Vifaranga watakuja kula miguuni pake wakimfuata mama.

Jambo hili si la anasa. Adui mkubwa wa kuku wa kienyeji nchini ni mdondo, ambao wengine huuita kideri, ugonjwa unaoweza kumaliza kuku wa kijiji kizima ndani ya siku chache. Kinga yake ipo. Chanjo ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo za zamani, huzalishwa nchini na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA). Hutolewa kwa tone moja katika jicho moja la kila kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne.

Tone la jicho humhitaji kuku aliyeshikwa. Katika kaya ambayo kuku hukimbizwa uani kwa fimbo na makelele, wale wepesi hupanda mitini au hutokomea mashambani, na hao ndio wanaokosa chanjo. Mdondo unapoingia huanza na hao. Kwa familia inayotegemea kuku kununua daftari, sare ya shule au dawa, hasara hiyo ni kubwa. Ndiyo maana wachanjaji wenye uzoefu hupendelea kufanya kazi hiyo alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa, au usiku kwa mwanga hafifu. Kuku haoni vizuri gizani na hutulia.

Namna ya kumshika nayo ina kanuni zake. Mtu amwendee polepole kutoka ubavuni, amfunike mabawa kwa viganja vyote viwili, kisha apitishe mkono mmoja chini ya kifua na kuibana miguu baina ya vidole bila kuikaza. Kuku aegemezwe mwilini, kichwa kikiwa juu. Anayehisi kwamba miguu yake ina pa kukanyaga hutapatapa kidogo tu.

Kinyume chake ndicho kinachoonekana kila siku minadani na kwenye baiskeli za wachuuzi: kuku watano au sita wamefungwa miguu pamoja, vichwa vikining'inia. Ndege hana msuli unaotenganisha kifua na tumbo kama binadamu, hivyo anapogeuzwa chini juu, uzito wa viungo vya tumboni huelemea vifuko vyake vya hewa na kumfanya apumue kwa shida. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba kuku wa nyama walioshikwa vichwa chini walikuwa na kiwango kikubwa zaidi cha homoni ya msongo katika damu kuliko walioshikwa wima. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inatambua kwamba mnyama ni kiumbe chenye hisia, lakini mchuuzi anayependelea baiskeli yenye kuku wanaoning'inia badala ya tenga bado haoni kosa. Tenga linagharimu fedha na linachukua nafasi. Hilo nalo ni kweli.

Wapo wanaodhani kwamba kuku aliyezoea watu ni wa maonyesho tu. Uchunguzi uliofanywa Australia katika mashamba ya kuku wa mayai na kuchapishwa mwaka 1992 ulionyesha kwamba pale kuku walipowaogopa binadamu zaidi, utagaji ulikuwa mdogo zaidi.

Ukaribu nao una mipaka. Kuku anayeonekana mzima anaweza kuwa na vimelea vya salmonela, na mafua ya ndege ni tishio linalojitokeza mara kwa mara duniani. Mtoto anayebeba kuku asimbusu, na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Kwa kuku aliyenunuliwa sokoni, wahenga walishasema kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Desturi hiyo ingalipo, na ina maana kitaalamu, kwani kamba humzuia kupotea wakati akijifunza sura za watu na sauti za nyumba mpya. Kitambaa laini ni bora kuliko uzi mwembamba, ambao hukata ngozi na kuvimbisha mguu. Kamba ifunguliwe jioni, wakati wenzake wanapoingia kulala, ili awafuate. Akila punje kiganjani bila kurudi nyuma, amezoea. Kama atapenda pia kubebwa, atalionyesha mwenyewe kwa kupanda mapajani pa mwenye nyumba bila kuitwa.