Moto na hewa: fundisho la Nyangwe

Nyangwe yetu iliujua moto mubaya mara mbili. Tarehe 15 Julai 1871, mbele ya macho ya David Livingstone, watu wa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walipiga bunduki katikati ya soko letu, kando ya Lualaba. Waarabu wenyewe walikisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Siku ile ile, ng'ambo ya mto, vijiji vikawaka. Kisha, tarehe 4 Machi 1893, askari wa Dhanis, mkubwa wa jeshi la Leopold II, waliingia mjini. Wiki chache nyuma yake, mji ule mkubwa ulikuwa umebaki magofu na majivu.

Juu ya nini nyumba zetu ziliteketea upesi hivi? Moto unaomba vitu vitatu: kitu cha kuungua, hewa, na joto la kuanzisha. Ondoa kimoja, moto unakufa. Paa la majani linashika moto upesi: majani ni membamba, hewa inapita katikati yake, na joto la jiko limeyakausha kila siku. Cheche moja inatosha. Udongo wa ukuta hauungui, njo maana kuta zinabaki zimesimama.

Ndani ya hewa, kinacholisha moto ni oksijeni, karibu sehemu 21 kwa 100. Mufaransa Lavoisier alilieleza jambo hili katika miaka ya 1770. Lakini wazee wetu walilitumia zamani sana, bila kitabu. Mufua chuma alikuwa na mivuba, yaani mifuko ya kupulizia: alipozidisha hewa, makala yakawa mekundu, kisha meupe, na chuma kikalainika. Muchoma makala alifanya kinyume: alifunika kuni kwa udongo ili hewa iingie kidogo tu. Kuni hazikuisha kuwa majivu, zikabaki makala. Wagenya nao waliweka samaki juu ya moto mdogo wenye moshi mwingi, wakaukaza bila kuuchoma. Watu watatu, kazi tatu, lakini akili ni moja: kutawala moto ni kutawala hewa.

Akili hiyo tusiiache ipotee, maana inaokoa watu. Mvua ikinyesha, wengine wanaingiza mbabula ndani na kufunga mlango. Hewa ikipunguka, makala yanatoa gesi isiyo na rangi wala harufu. Inashika damu mahali pa oksijeni. Mutu anaumwa kichwa, analegea, analala, haamki tena. Tusiseme ni uchawi. Mbabula ibaki inje.

Wazazi, fundisheni watoto mivuba na tanuru la makala pamoja na historia ya 1871 na 1893. Moto uliotawaliwa ulitupa jembe na chakula. Ule ulioachiliwa na watu wa bunduki ulitunyanganya mji.